Seli shina za mgonjwa na magonjwa ya kurithi ya tishu unganishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wenye Marfan, Ehlers-Danlos, ugonjwa wa mifupa kuvunjika kirahisi na mengine ya familia hiyo, pamoja na wazazi na ndugu zao, hasa wale walioambiwa na daktari au mtafiti "tunaomba sampuli yako tutengeneze seli shina" (seli ambazo bado hazijawa za aina maalum na zinaweza kugeuzwa kuwa seli nyingine) wakaondoka pale na maswali mengi kuliko waliyokuja nayo. Jambo moja niliseme mapema kabisa sababu ndo linalochanganya watu kuliko yote: seli hizi zinatengenezwa ili kuusoma ugonjwa. Hazitengenezwi ili urudishiwe mwilini.

Tishu unganishi ni nini hasa?

Ni vile vyote vinavyoushikilia mwili: kano, gegedu, mifupa, ngozi, kuta za mishipa ya damu, vali za moyo, hadi zile nyuzi ndogo sana zinazoishika lenzi ya jicho mahali pake. Ukiiangalia kwa hadubini unakuta seli sio nyingi, sehemu kubwa ni nyuzi za protini zilizo katikati ya seli, na nyuzi hizo seli zenyewe ndo zimezitengeneza na kuzitoa nje. Kuna kolajeni inayohimili kuvutwa, kuna elastini inayovutika na kurudi, kuna fibrilini inayosaidia elastini kujipanga na pia kuzuia ishara fulani za ukuaji zisizidi.

Jeni moja ikiharibika hapo, matokeo yanaonekana sehemu nyingi ambazo kwa macho hazihusiani kabisa. Ndo maana mtu wa Marfan anaweza kuwa mrefu mwenye vidole virefu, akawa na lenzi ya jicho iliyohama, na huku aorta, yani ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, inatanuka taratibu bila yeye kuhisi chochote.

Ni magonjwa gani yanayosomwa kwa njia hii?

Mengi. Marfan inatokana na jeni ya FBN1 na inampata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Loeys-Dietz, iliyoelezwa mwaka 2005, inafanana nayo lakini mishipa inaweza kupasuka ikiwa haijatanuka sana, so inaogopwa zaidi. Ehlers-Danlos, inayolegeza viungo na kudhoofisha ngozi au mishipa, ina aina 13 kwa mpangilio wa mwaka 2017, na ile ya mishipa ya damu (jeni ya COL3A1) ndo ya hatari zaidi. Ugonjwa wa mifupa kuvunjika kirahisi, osteojenesisi impefekta, mara nyingi unatokana na COL1A1 au COL1A2. Alafu kuna FOP, adimu kupita kiasi, ambapo misuli na kano vinageuka kuwa mfupa polepole.

Mengi ya haya ukiwa nayo kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyarithi. Ila sio lazima yatoke kwa mzazi: kwenye Marfan karibu robo ya wagonjwa ndo wa kwanza katika ukoo, badiliko limeanza kwao. Hili wazazi walishike vizuri, manake wengi wanajilaumu au wanalaumiana bure.

Hizo seli shina zinatoka wapi? Ni za mimba?

Hapana. Kwenye utafiti huu zinatoka kwako mwenyewe, ukiwa mtoto au mtu mzima.

Mwaka 2006 huko Kyoto, Japani, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walianza na jeni 24 walizozishuku, wakapunguza mpaka zikabaki nne: Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Waliziingiza hizo nne kwenye seli za kawaida za panya na seli zikarudi nyuma, zikawa kama za kiinitete cha siku chache, zenye uwezo wa kugeuka kuwa aina yoyote ya seli ya mwili. Mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za binadamu, na timu ya James Thomson kule Wisconsin, Marekani, ikafanikiwa kipindi hichohicho. Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon.

Kinachotuhusu sisi ni kwamba seli ikirudishwa nyuma hivyo haipotezi jeni zake. Kama una badiliko kwenye FBN1, seli shina yako nayo inalo, na chochote utakachoigeuza kuwa, iwe mfupa au ukuta wa mshipa, kitakuwa nalo.

Si mngetumia tu panya, au kipande cha ngozi kama kilivyo?

Vyote vinatumika na vimesaidia sana. Ila tatizo la ngozi ni kwamba mtu wa Marfan hafi kwa ngozi. Anachouliwa nacho ni aorta, na hakuna mtu atakukata kipande cha aorta ukiwa mzima ili akachungulie. Vipande vinavyopatikana ni vya watu waliofanyiwa upasuaji, na pale ukuta umeshaharibika, huwezi kujua kipi kilianza na kipi ni matokeo. Kwa seli shina unaitengeneza misuli laini ya ukuta wa aorta tangu mwanzo alafu unaangalia inaanza kukosea wapi.

Panya nao wana mipaka. Mfano ambao watu wengi wa Marfan wanaujua ni wa losartan, dawa ya shinikizo la damu. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba kwa panya wenye Marfan inazuia aorta kutanuka, na matokeo yalikuwa mazuri kiasi cha kusisimua kila mtu, wazazi walijaa matumaini na hakuna wa kuwalaumu. Mwaka 2014 likatoka jaribio la watoto na vijana 608 lililolinganisha losartan na atenolol (dawa ya zamani inayopunguza kasi na nguvu ya mapigo ya moyo) kwa miaka 3, tofauti haikuonekana. Haina maana losartan ni bure, uchambuzi uliounganisha majaribio kadhaa mwaka 2022 ulionyesha dawa za kundi lake zinapunguza kasi ya kutanuka zikilinganishwa na kutozitumia, na zinasaidia hata juu ya dawa za kundi la atenolol. Lakini ile kishindo cha kwenye panya haikuhamia kwa watu, na ndo maana kuwa na seli za binadamu mwenye ugonjwa wenyewe, zenye badiliko lake lilelile, ni kitu ambacho hakiwezi kuachwa.

Mnachukua nini kwangu? Inauma?

Kuna njia tatu za kawaida: damu, kipande kidogo cha ngozi, au mkojo (ndio, kwenye mkojo huwa kuna seli za figo zilizobanduka ambazo zinaweza kukuzwa). Ya ngozi wanaganzisha sehemu, mara nyingi mkono au paja, alafu wanatoa kiduara cha milimita 3 au 4. Sindano ya ganzi inachoma kidogo, baada ya hapo unahisi kusukumwa tu.

Lakini kama una Ehlers-Danlos, tafadhali usikubali ya ngozi kirahisi kabla hujauliza. Kwa aina ya kawaida kidonda kidogo kinaachama na kinaacha kovu pana lenye ngozi nyembamba, na kwa aina ya mishipa unavilia damu kwa kuguswa tu. Damu inatosha kutengeneza seli shina. Ikiwa mtafiti anataka ngozi basi akueleze sababu yake, na sababu inaweza kuwepo, mfano anataka pia kuangalia kolajeni inayotolewa na seli za ngozi moja kwa moja, ila ni haki yako kuisikia kwanza.

Kinachofanyika maabara ni nini, na kwanini inachukua muda hivi?

Tuseme imechukuliwa ngozi. Inakatwakatwa vipande vidogo vinabandikwa kwenye sahani ya plastiki, vinamwagiwa kimiminika chenye chakula cha seli, na baada ya siku kadhaa unaanza kuona seli ndefu nyembamba zinatoka pembeni ya kipande zikitambaa. Hizo ni fibroblasti. Zikijaa baada ya wiki kadhaa ndo zinaingiziwa zile jeni nne, mara nyingi sahivi kwa kutumia virusi vya Sendai vilivyodhoofishwa, ambavyo haviingii kwenye jeni za mgonjwa na vinapotea vyenyewe seli zinavyoendelea kugawanyika.

Alafu unasubiri. Seli nyingi hazibadiliki kabisa, zinazofika mwisho ni chini ya moja kwa mia. Wiki ya tatu au ya nne hivi, katikati ya zile ndefu zilizotawanyika unaona kisiwa: seli ndogo za duara zimebanana, kiini kikubwa karibu kijaze seli nzima, na ukingo wa kisiwa umenyooka na unang'aa kidogo. Ukishakiona kimoja utavitambua vyote. Kila kisiwa kinachukuliwa peke yake kikakuzwe kwenye sahani yake, na hapo chakula kinabadilishwa karibu kila siku, wikendi na sikukuu zikiwemo, sababu seli hizi ukizisahau kidogo zinaanza kugeuka zenyewe kuwa vitu usivyovitaka.

Bado kuna ukaguzi. Kromosomu zinahesabiwa manake seli zinazokuzwa muda mrefu huwa zinaokota makosa mapya. Zinapimwa maikoplazma, kibakteria kisichoonekana kwa hadubini ya kawaida na kisichosikia penisilini kwa vile hakina ukuta, kikiingia kinaweza kuharibu matokeo ya maabara nzima kimyakimya. Wanahakikisha pia kwamba seli ni za mgonjwa huyu na sio za yule wa sahani ya pili. Baada ya hapo nyingine zinagandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na nyingine zinaanza kugeuzwa kuwa misuli laini, mfupa au gegedu, ambayo ni wiki nyingine tena. So ukitoa sampuli leo, kupita miezi sita bila mtu kukupigia sio dalili kwamba wamekusahau.

Mnajuaje kwamba tofauti mnayoiona ni ya ugonjwa? Si kila mtu ana jeni zake?

Hili kwangu ndo swali bora kuliko yote, na utafiti wowote wa aina hii upimeni kwa jinsi unavyolijibu.

Ukichukua seli za mgonjwa ukazilinganisha na za mtu mwingine asiyeumwa, watu hao wawili wanatofautiana kwenye mamilioni ya sehemu za jeni zao. Ukiona misuli laini ya mmoja inakufa haraka, utasema ni FBN1? Inaweza kuwa chochote. Hata seli shina mbili za mtu mmoja zilizotoka visiwa viwili tofauti zinaweza zisifanane tabia.

Jibu lilikuja na CRISPR, ile njia ya kukata na kurekebisha jeni iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Unachukua seli shina za mgonjwa, unasahihisha herufi ile moja iliyokosewa, huko kwingine kote hugusi. Sasa una seli za mtu mmoja, yuleyule, tofauti yake ni badiliko moja tu. Zikae sahani jirani, zile chakula kimoja, zigeuzwe siku moja. Zilizosahihishwa zikipona na zile nyingine zikiendelea kuumwa, hapo unaweza kusema ugonjwa umetoka kwenye herufi ile. Unaweza pia kufanya kinyume, ukachukua seli za mtu asiyeumwa ukaliweka badiliko uone kama zitaugua. Utafiti wenye vyote viwili ndo ninaouamini zaidi.

Na kuna mitego midogo ambayo mtu wa nje hawezi kuiwazia. Kolajeni ili ijikunje vizuri inahitaji vitamini C, ndo maana mtu asiyeipata kabisa anaugua kiseyeye, fizi zinatoka damu na vidonda haviponi. Seli za kwenye sahani hazitengenezi vitamini C, usipoiweka kwenye chakula chao, au ukaiweka ikachakaa sababu haidumu, seli za mtu asiyeumwa kabisa zitatoa kolajeni mbovu na wewe utadhani umegundua ugonjwa.

Mpaka sasa njia hii imegundua nini cha maana?

Nitaje machache ninayoyaona ni ya uzito.

Kwenye Marfan, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitoa kazi mwaka 2017 ambapo walitengeneza misuli laini ya aorta kutoka seli shina za wagonjwa. Waliona kwenye sahani mambo ambayo madaktari wanayaona kwenye aorta yenyewe: fibrilini haijipangi, vimeng'enya vinavyotafuna nyuzi vimezidi, seli hazijikazi inavyotakiwa na zinakufa. Wakisahihisha FBN1 kwa CRISPR vinatulia. Ila kilichonigusa zaidi ni hiki: kwa miaka mingi lawama ilikuwa kwa ishara ya ukuaji iitwayo TGF-beta, ile ambayo fibrilini inaizuia isizidi, wao walipoizuia baadhi ya matatizo yalirekebika, lakini kufa kwa seli kulikuwa kunaendeshwa na njia nyingine ya pembeni inayopitia protini iitwayo p38, ikiongozwa na KLF4. Yani dawa ikilenga sehemu moja tu inaweza kuacha sehemu nyingine inaendelea kuharibika. (KLF4, mtaiona, ni mojawapo ya zile nne za Yamanaka, mwili unatumia jeni ileile kwa kazi tofauti.)

Kuna kitu kingine hapohapo. Kwanini Marfan inatanua aorta pale inapotokea kwenye moyo zaidi kuliko chini tumboni, wakati jeni ni moja mwili mzima? Misuli laini ya aorta haina chanzo kimoja kwenye kiinitete: ya juu karibu na moyo inatoka makundi mawili ya seli, moja ni lile linalotokea jirani na chanzo cha uti wa mgongo na ubongo, na ya chini inatoka kundi jingine kabisa. Seli shina zinakuruhusu kutengeneza kila aina kwa njia yake alafu uzilinganishe, kitu ambacho kwa mgonjwa aliye hai hakiwezekani hata kidogo, na inaonekana badiliko lilelile halizidhuru zote kwa kiwango kimoja.

Kwenye FOP, habari ni ya kutia moyo kweli. Jeni yake, ACVR1, ilijulikana mwaka 2006. Watafiti wa Kyoto walitengeneza seli shina za wagonjwa na nyingine walizozisahihisha, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba kipokezi kilichoharibika (sehemu ya seli inayopokea ishara, inayotengenezwa na jeni hiyo) kinaitikia activin A, protini ya mwili ya kawaida ambayo haikupaswa kukiamuru kujenga mfupa. Timu nyingine huko Marekani ikafika palepale mwaka huohuo kwa kutumia panya. Wale wa Kyoto wakapima dawa nyingi kwenye zile seli, ikajitokeza sirolimus ambayo ilikuwa tayari inatumika kwa watu waliopandikizwa figo, na mwaka 2017 jaribio kwa wagonjwa likaanza. Kuingia kwenye jaribio sio sawa na kuthibitishwa, ila kutoka sahani mpaka kwa mgonjwa ndani ya miaka hiyo, kwa ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya milioni moja au mbili, ni hatua kubwa.

Kwenye mifupa kuvunjika kirahisi kuna somo zuri la jinsi protini inavyofanya kazi. Kolajeni ya aina ya kwanza, ile ya mifupa, inasukwa kama kamba ya nyuzi tatu, mbili za COL1A1 na moja ya COL1A2, na kila hatua ya tatu lazima iwepo glisini, ambayo kati ya asidi amino zinazojenga protini ndo ndogo pekee inayoenea katikati ya msuko. Ikikaa kitu kikubwa pale, uzi mmoja mbovu unaharibu kamba nzima hata kama zile nyingine ni nzima. Kwa hiyo mtu mwenye uzi mbovu mara nyingi anaumwa zaidi kuliko mtu anayetengeneza kolajeni isiyo na kasoro ila nusu tu ya kiasi cha kawaida. Mwaka 2012 watafiti walizima nakala mbovu ya jeni kwenye seli za wagonjwa, hawakuitengeneza, waliizima tu, wakazifanya seli shina, na zikatoa kolajeni ya kawaida na kujenga mfupa. Mwaka huohuo seli za watu wenye upungufu wa elastini, ambao aorta yao inabana badala ya kutanuka, zilionyesha misuli laini inayogawanyika kupita kiasi huku nyuzi zake za ndani hazijajipanga. Ukiuangalia huo na Marfan, ukuta ni uleule wa mshipa, makosa yanaenda pande mbili tofauti.

Nikitoa sampuli nitapata tiba? Mwanangu je?

Hapana, na yeyote anayekuombea sampuli akakuachia uamini hivyo amekukosea. Sampuli yako inaweza kusaidia kupata dawa itakayowafikia watu baada ya miaka, wewe ukiwemo au usiwemo. Wapo wazazi wanaokubali wakijua hivyo kabisa, na wapo wanaokataa, wote ni sawa na huduma ya mtoto hospitali haitakiwi kubadilika kwa sababu hiyo.

Yanayolinda maisha sahivi ni yale mnayoyajua: kupima aorta kwa ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) au skani kwa ratiba, dawa za kupunguza mkazo wa damu, upasuaji kabla haijapasuka, kwa mifupa dawa za bisfosfoneti na mazoezi ya viungo. Na jingine ambalo watu wengi hawaambiwi, antibayotiki za kundi la siprofloksasini: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba zinaongeza hatari ya aorta kuchanika, ikawataja waziwazi wenye Marfan na Ehlers-Danlos. Mkumbushe kila daktari anayekuandikia dawa, hata kama ni UTI tu.

Kuna kliniki inauza sindano za seli shina kwa viungo vilivyolegea, nijaribu?

Usifanye, nakuomba. Seli shina za kwenye utafiti zikiingizwa mwilini zikiwa hazijageuzwa zinaweza kuota uvimbe, na kipimo kimojawapo cha kuthibitisha kwamba ni seli shina kweli ni kuangalia kama zinaota uvimbe kwa panya. Zinazouzwa kliniki mara nyingi ni nyingine, za mafuta au uboho, lakini hata zikiwa zako zina badiliko lilelile la jeni, zitatoa kolajeni ileile mbovu. Na usalama wake sio wa kuuamini kwa maneno: mwaka 2017 madaktari Marekani walieleza wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kliniki kuwadunga machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, na walilipia.

Namna ya haraka ya kutofautisha: utafiti halali haukuuzii sindano, na kamati ya maadili iliyouidhinisha inatajwa kwenye fomu.

Nina Ehlers-Danlos ya viungo kulegea na jeni haijulikani. Seli zangu zina faida?

Zina faida ila kazi ni ngumu zaidi, na nasikitika sababu hii ndo aina yenye watu wengi kuliko zote. Bila jeni inayojulikana hakuna cha kusahihisha, so ile njia ya kulinganisha seli yako na seli yako iliyorekebishwa haipo. Inabaki kulinganisha wagonjwa wengi na wazima wengi, ikiwezekana ndugu zao. Hapo ndo sampuli ya dada yako asiyeumwa inakuwa na thamani sawa na yako.

Udhaifu wa njia hii ni upi?

Seli zinazotengenezwa ni changa. Zile jeni nne zikifuta utambulisho wa seli zinafuta pia sehemu kubwa ya alama za umri, kwa hiyo misuli laini uliyoipata inafanana na ya mtoto aliye tumboni, wakati aorta ya Marfan inachukua miaka mingi kutanuka. Sahani haina mapigo ya moyo wala shinikizo la damu, na ugonjwa huu ni wa mshipa unaopigwa kila sekunde. Watafiti wanajaribu kuzivuta seli kwa mashine, kuzikuza kwenye mirija, kuziweka kwenye vifaa vidogo ambavyo kimiminika kinapita, inasaidia lakini bado. Gharama nayo ni kubwa, kwa hiyo tafiti nyingi zina wagonjwa wachache sana, na ukisoma mahali kwamba "dawa imeponya Marfan maabara" tafuta kwanza ni seli za watu wangapi.

Je jina langu litajulikana?

Sampuli inapewa namba, jina linabaki kwenye orodha iliyofungiwa. Lakini tuwe wakweli, jeni zako zote zikisomwa zinakutambulisha, na kwa magonjwa adimu hata kusema "kijana mwenye FOP kutoka sehemu fulani" kunaweza kutosha. Jeni hizo pia sio zako peke yako, zinagusa wazazi, ndugu na watoto ambao hawajasaini chochote. Ongea nao kabla. Muulize mtafiti wakikuta kitu kingine, mfano hatari ya saratani, watakuambia au la, na wewe useme kama unataka kuambiwa.

Nikibadili mawazo baadaye naweza kujitoa?

Ndio, muda wowote na bila kueleza sababu. Ila kuna ukomo ambao fomu nyingi zinautaja kwa maandishi madogo. Sampuli iliyobaki inaweza kuharibiwa, seli zilizogandishwa pale zinaweza kuharibiwa, lakini matokeo yaliyoshachapishwa hayafutiki, na seli zilizoshatumwa maabara nyingine au kuwekwa kwenye benki ya seli huwa ni vigumu kuzirudisha. Seli shina zinaweza kuendelea kugawanyika hata baada ya mwenyewe kufariki. Seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa mwaka 1951 Johns Hopkins bila yeye kuulizwa, zikasambaa dunia nzima, na familia yake ilifikia makubaliano na kampuni iliyokuwa inazitumia kibiashara mwaka 2023.

Kwa hiyo kabla hujasaini uliza seli zitapelekwa wapi, kampuni za dawa zinaruhusiwa kuzitumia au la, kama kutatokea faida ni ya nani, kwa mtoto akifikisha umri wa utu uzima ataulizwa upya au hapana, na kujitoa kunaishia wapi. Akijibu kwa mdomo mwombe akuonyeshe ilipoandikwa, alafu nakala ya fomu iliyosainiwa ubaki nayo wewe.